Tochi ya betri moja au tatu? Dhana zinazowaacha walinzi gizani

Zabibu zikikaribia kuvunwa, shemeji yangu huhamia kwenye kibanda cha shambani kwake Mpunguzi, Dodoma, akilinda tangu saa moja jioni hadi kuche. Msimu uliopita alinunua tochi ya betri tatu, nene kama mchi. Haikufika saa nne usiku, ikabaki inafifia kama kaa la mkaa.

"Shemeji, nimepigwa!"

Hakupigwa. Alihesabu betri tu.

Dhana: betri zikiwa nyingi, tochi inakesha.
Hata enzi za balbu ya waya haikuwa hivyo. Betri zilipangwa kichwa kwa mkia, kila moja volti 1.5: mbili volti 3, tatu volti 4.5. Mkondo uleule ulipita kwenye zote, zikaisha pamoja. Betri ya tatu ilileta mwanga zaidi, na ukipachika humo balbu ya betri mbili, inaungua.

Kwenye tochi za LED, hesabu wati-saa, yaani wati za tochi mara saa inazowaka. Betri moja ya lithiamu ya kuchaji, ile ya 18650 (milimita 18 kwa 65), ikiwa na mAh 3000 (kipimo cha chaji inayobebwa na betri) hubeba wati-saa kama 11. Tochi ikila wati 1, unapata saa kama kumi. Betri mbili kwa ulaji huohuo, saa ishirini hivi. Ila wanaotengeneza tochi nene mara nyingi huongeza betri ili imulike mbali. Ikila wati 12, betri tatu haziwezi kumaliza saa tatu. Ndiyo ya shemeji: tochi ina ngazi tatu za mwanga, naye hakuwahi kubonyeza swichi mara ya pili! Ukishusha mwanga hadi robo, jicho huuona kama nusu hivi. Kutembea kati ya mistari ya mizabibu, lumeni 50 (kipimo cha mwanga) zinatosha kabisa.

Dhana: imeandikwa mAh 9900, basi inazo.
18650 nzuri huishia karibu na 3500. Ipime kwenye mizani ya sonara: halisi ina gramu 45 hadi 50. Ikiwa nyepesi mno, mrudishie mwenyewe.

Dhana: imekufa moja, badilisha hiyohiyo.
Hili ndilo kosa baya. Zikiwa zimepangwa mfululizo, iliyochoka huisha kwanza, na nzima zinaendelea kuulazimisha mkondo upite ndani yake hadi chanya na hasi zake zinageuka. Betri za kawaida huvuja na kula springi. Za lithiamu zinaweza kuchemka hata kulipuka. Badilisha zote, za aina moja na umri mmoja. Tochi ya betri moja haina usumbufu huu, ndiyo maana mimi naipenda.

Dhana: ukizianika juani zinafufuka.
Za kawaida zikipata joto huwaka tena dakika chache, basi. Za lithiamu usizianike kamwe, na jua letu hili juu ya bati!

Sasa shemeji ana tochi ya betri moja ya 21700 (milimita 21 kwa 70), yenye mAh 5000, na ya akiba iliyochajiwa anaiweka kwenye kikopo cha plastiki, mbali na funguo na sarafu. Ile nene imetundikwa kwenye nguzo ya kibanda. Anaishika akisikia miba ya ua ikivunjika.