Uchunguzi Huru wa Uhalifu wa Kivita: Dhana Potofu na Ukweli

Wengi hudhani kwamba hakuna chombo cha kudumu cha kuchunguza uvunjaji wa sheria ya kimataifa ya kibinadamu, yaani sheria inayoongoza mwenendo wa vita. Kipo. Ibara ya 90 ya Itifaki ya Nyongeza ya Kwanza ya Mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977, ilianzisha tume ya kimataifa ya kutafuta ukweli, yenye wajumbe 15 wasiowakilisha serikali zao. Tume hiyo iliundwa rasmi mwaka 1991, na sekretarieti yake iko Bern, Uswisi.

Dhana nyingine ni kwamba tume hiyo inaweza kuingia popote penye tuhuma. Haiwezi, kwa kuwa mamlaka yake hutokana na ridhaa ya wahusika, ama iliyotolewa mapema kwa tamko la nchi, ama iliyotolewa kwa tukio moja tu. Tarehe 3 Oktoba 2015 ndege ya kijeshi ya Marekani iliishambulia hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka mjini Kunduz, Afghanistan, na watu 42 wakauawa. Shirika hilo likaiomba tume ichunguze, nayo tume ikaziandikia serikali za Marekani na Afghanistan kwamba iko tayari, lakini ridhaa haikupatikana. Marekani ilijichunguza yenyewe, na mtuhumiwa anayejichunguza, hata awe makini namna gani, hawezi kuitwa huru.

Kazi ya kwanza ya tume ilikuja mwaka 2017 tu, baada ya gari la waangalizi wa OSCE (Shirika la Usalama na Ushirikiano Barani Ulaya) kulipuliwa na bomu la kutegwa ardhini mashariki mwa Ukraine na mhudumu wa afya kufariki. Tume ilibaini kwamba waangalizi hao hawakuwa wamelengwa, ila kutega bomu kwenye barabara inayotumiwa na raia kulikuwa uvunjaji wa sheria. Haikuombwa kumtaja mhalifu, wala haikumtaja.

Hapo ndipo ilipo dhana iliyozagaa kuliko zote, kwamba ripoti ya uchunguzi ni hukumu. Wasomaji wa Kivu na Ituri, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wanaujua vizuri mfano wa Ripoti ya Mapping, iliyotolewa na Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa tarehe 1 Oktoba 2010. Ripoti hiyo inaeleza matukio 617 yaliyotokea Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Wachunguzi waliwahoji mashahidi zaidi ya 1,280, wakapitia nyaraka zaidi ya 1,500, na kwa kila tukio walitaka angalau vyanzo viwili visivyotegemeana. Kwa hiyo wanaodai kwamba uchunguzi wa aina hii ni kukusanya vilio vya upande mmoja hawajaisoma sehemu inayoeleza mbinu zake. Hata hivyo, kipimo cha wachunguzi kilikuwa kuwa na sababu za msingi za kushuku kwamba tukio lilitokea, ambacho ni cha chini kuliko kile cha mahakama ya jinai, inayotaka kosa lithibitishwe bila kuacha shaka. Ndiyo maana waliandika kwa tahadhari kwamba baadhi ya mashambulizi, yakithibitishwa mbele ya mahakama yenye mamlaka, yangeweza kuhesabiwa kuwa mauaji ya kimbari. Katika mabishano yaliyofuata, walioitukuza na walioikana ripoti hiyo mara nyingi waliyashika maneno “mauaji ya kimbari” wakaliacha sharti lililoyatangulia.

Wapo pia wanaosema kwamba ripoti isiyozaa kesi ni karatasi tupu. Manung'uniko hayo yana haki yake: mwaka 2018, akipokea Tuzo ya Nobel ya Amani, Daktari Denis Mukwege wa Kongo alilalamika kwamba ripoti hiyo inaota ukungu kwenye droo ya ofisi huko New York, na pendekezo la ripoti hiyo la mahakama za mseto, zenye majaji wa nchi na wa kimataifa, halijatekelezwa. Lakini mashahidi huzeeka na makaburi huota msitu, ilhali ushuhuda ulioandikwa kwa utaratibu hubaki. Majina ya washukiwa hayakuchapishwa. Yalikabidhiwa kwa siri kwa Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu, na mwendesha mashtaka atakayepewa idhini ya kuyasoma hataanza kazi yake mikono mitupu.