Uzushi si kila kosa la kiongozi wa kanisa

Jumapili moja baada ya ibada nilimsikia mzee wa kanisa akimwita mchungaji wake mzushi, kwa sababu fedha za kuezeka paa hazijulikani zilipo. Mama mmoja aliyesimama karibu akamtetea mchungaji: hata Athanasius, yule askofu wa Aleksandria wa karne ya nne, alishtakiwa kwa uzushi, na leo tunamwita mtakatifu. Wote wawili walisema kwa uchungu wa kweli, na wote wawili walilikosea neno. Nimelisikia likikosewa hivyo mara nyingi mno kiasi kwamba siwezi tena kunyamaza.

Maana yenyewe haina urefu. Katika lugha ya kanisa, uzushi ni mtu aliyebatizwa kukataa kwa ukaidi fundisho la msingi la imani, au kushikilia lililo kinyume chake, huku bado akijihesabu Mkristo. Akiitupa imani yote, huo ni uasi. Akiikiri imani yote lakini akajitenga na askofu wake na ushirika wa wenzake, hilo ni faraka. Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983, kanuni ya 751, zinayataja hayo matatu kwa pamoja, kila moja na maana yake.

Shida inaanzia kwenye neno lenyewe la Kiswahili. Uzushi umetokana na kuzusha, na kuzusha ni kulifanya jambo lizuke: lilikuwa halipo, sasa lipo. Ndugu yake ni kuzua, yaani kutunga habari isiyo na msingi. Ndiyo maana mtaani mzushi ni mtu wa maneno ya uongo, na anayesingiziwa hujitetea kwa kusema "huo ni uzushi mtupu". Waislamu nao hutumia neno hilihili kutafsiri bidaa, na hapo limekaa vizuri kabisa, kwa sababu bidaa kwa Kiarabu ni jambo lililoanzishwa upya bila mfano wa awali.

Lakini neno la Wakristo wa kale halikuwa bidaa. Lilikuwa la Kigiriki, hairesis, na mzizi wake ni kuchagua. Hairesis ni uchaguzi, kisha lile lililochaguliwa, kisha kundi la watu waliochagua hivyo. Mwanafalsafa alikuwa na hairesis yake na tabibu alikuwa na yake, bila aibu yoyote. Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza, anawaita Mafarisayo, Masadukayo na Waeseni kwa neno hilo, na hawatukani.

Fungua Matendo ya Mitume sura ya 24 katika Biblia ya Union. Tertulo, msemi aliyeletwa kumshtaki Paulo mbele ya liwali Feliki, anasema katika mstari wa 5 kwamba Paulo ni kichwa cha "madhehebu" ya Wanazorayo. Mistari tisa baadaye Paulo anajibu kwamba anamwabudu Mungu wa baba zake kwa Njia ile "ambayo waiita uzushi". Msomaji wa Kiswahili anaona maneno mawili, moja la kawaida na moja la kuchoma. Kwa Kigiriki ni neno moja: hairesis, na hairesis. Siwalaumu watafsiri, kwani walisikia jinsi Paulo anavyolisogeza neno mbali na Njia yake, wakalipa ukali. Lakini kwa kufanya hivyo walituficha jambo kubwa, kwamba kati ya viongozi wa kwanza wa kanisa kuitwa watu wa hairesis mahakamani yumo Paulo mwenyewe.

Lilipataje ubaya? Paulo mwenyewe aliliweka kati ya matendo ya mwili katika Wagalatia 5:20, pamoja na fitina na faraka, maana kundi la wateule wachache ndani ya kanisa lilikuwa jeraha. Kufikia mwishoni mwa karne ya 2, Irenaeus wa Lyon anaandika vitabu vitano dhidi ya mafundisho aliyoyaona ni ya uongo. Muda mfupi baadaye Tertullian wa Karthago anaeleza wazi kwamba neno hili linatokana na Kigiriki cha kuchagua, na kwamba mitume hawakuchagua chochote kwa hiari yao, bali walikabidhi walichopokea kwa Kristo. Kosa la mzushi, kwa fikra hii, ni kuchagua pale ambapo alipaswa kupokea.

Marcion ndiye mfano ulio wazi kuliko wote. Alikuwa tajiri mwenye merikebu kutoka Ponto, akaja Roma, akalipatia kanisa sarafu za Kirumi, sesterce 200,000. Mwaka 144 kanisa lilimtoa na kumrudishia fedha zake. Mtu huyu alichukua Injili moja, ya Luka, akaipunguza, akachukua nyaraka kumi za Paulo, na Agano la Kale lote akaliweka kando. Fundisho la miungu wawili alilolijenga juu ya hapo lilikuwa geni, ndiyo, lakini Tertullian alimlaumu pia kwa kisu chake: alibakiza alichokitaka, akayakata mengine. Mtu anayedhani mzushi lazima awe mtunga uongo hawezi kumwelewa Marcion, kwa sababu karibu kila ukurasa aliokuwa nao ulikuwa wa kanisa.

Nestorius anaumiza zaidi. Aliwekwa kuwa askofu mkuu wa Konstantinopoli mwaka 428, na inasimuliwa kwamba katika hotuba yake ya kwanza alimwomba kaisari ampe nchi iliyosafishwa wazushi, naye angempa mbingu. Miaka mitatu baadaye mtaguso wa Efeso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulimvua yeye uaskofu kwa uzushi. Alikuwa amepinga Maria kuitwa Theotokos, aliyemzaa Mungu, akapendelea Christotokos, aliyemzaa Kristo. Hakuwa anazusha kitu moyoni mwake. Aliona analinda imani isichanganye Uungu na ubinadamu. Cyril wa Aleksandria aliona kwamba mtu akiligawa jina hilo amemgawa Kristo mwenyewe. Cyril aliufungua mtaguso kabla ya maaskofu wa Antiokia kufika, nao walipofika wakakaa kikao chao, wakamvua Cyril naye uaskofu, wakisema mafundisho yake yananuka uzushi wa Apollinaris, aliyefundisha kwamba Kristo hakuwa na akili ya kibinadamu. Kwa muda kaisari alizikubali hukumu zote mbili. Mimi nasali "Mama wa Mungu" kila siku na sina shaka Cyril alikuwa upande sahihi wa swali, lakini siwezi kusoma mwenendo wa kikao kile bila huzuni.

Sasa nimrudie Athanasius, maana yule mama hakuwa peke yake katika kumtaja. Mwaka 335, kwenye sinodi ya Tiro, hati ya mashtaka dhidi yake haikuwa na uzushi. Alishtakiwa kwamba padri wake alivunja kikombe cha Ekaristi cha mtu aitwaye Ischyras. Alishtakiwa kwamba alimuua askofu Arsenius na kumkata mkono kwa ajili ya uchawi, na Arsenius akapatikana yu hai akiwa na mikono yake miwili. Lililomfikisha uhamishoni Trier, kule Galia, lilikuwa shtaka lililoongezwa mbele ya Konstantino: kwamba alitishia kuzuia ngano ya Aleksandria isifike Konstantinopoli. Kiini cha ugomvi kilikuwa imani, wala sikatai, maana walioisukuma kesi ile walikuwa marafiki wa Arius, padri aliyefundisha kwamba Mwana wa Mungu aliumbwa, fundisho ambalo mtaguso wa Nisea ulilikataa. Ila kumshtaki kwa uzushi mtu anayetetea kanuni ya imani ya Nisea, wakati kaisari aliyeuitisha mtaguso wa Nisea bado anatawala, kusingewezekana. Ndiyo maana wakatafuta kikombe na mkono.

Dioscorus wa Aleksandria ni hivyo pia. Watu husema mtaguso wa Kalkedonia, mwaka 451, ulimhukumu kwa uzushi. Katika kumbukumbu za mtaguso huo huo, Anatolius wa Konstantinopoli anasema Dioscorus hakuvuliwa kwa sababu ya imani, bali kwa sababu alimtenga Papa Leo wa Roma na ushirika wa kanisa, na alipoitwa mara tatu hakuja. Wakopti wa Misri na Waorthodoksi wa Ethiopia, ambao leo wana makanisa hata Nairobi, wanamheshimu kama baba wa imani. Kumwita mzushi mbele yao kwa jambo ambalo hukumu yenyewe haikulitaja ni kuwakosea bure.

Tofauti hizi hazikuwa za vitabuni tu. Wadonati wa Afrika ya Kaskazini waligombana na kanisa la Karthago kuhusu nani aliwekwa askofu kwa haki baada ya mateso, si kuhusu Utatu wala Kristo. Lilikuwa faraka. Mwaka 405 amri ya kaisari Honorius iliwahesabu kuwa wazushi, na kwa neno hilo moja sheria zilizotungwa dhidi ya wazushi zikawaangukia. Augustino, aliyeishia kuunga mkono amri hiyo, alikuwa amewaandikia baadhi yao katika waraka wake wa 43 kwamba asiyetetea kosa lake kwa ukaidi, aliyelirithi kwa wazazi na anatafuta ukweli kwa bidii, hastahili kuhesabiwa mzushi.

Kwa hiyo, mzee wangu, kama risiti za mabati hazionekani, neno unalolitafuta ni ubadhirifu, na ushahidi wake ni daftari la mhazini, si Kanuni ya Imani. Na wewe mama, Athanasius atakufaa kwa utetezi, ila msimulie kwa kikombe na ngano.