Mgonjwa Mahututi Kukutwa na Bakteria Sugu: Maelezo kwa Ndugu Wanaouguza

Tumepokea malalamiko ya ndugu wanaouguza hapa Mwanza, wengi wao wakiwa wametoka Sengerema, Magu na Ukerewe, kwamba mgonjwa wao aliyelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi ametengwa "kama mwenye ukoma" baada ya kukutwa na bakteria sugu, yaani wasiouawa na dawa za kawaida.

Kukutwa na bakteria hao si sawa na kuugua. Klebsiela sugu, mmoja wa bakteria hao, huweza kukaa utumboni bila kumdhuru mtu, naye mwenzake Asinetobakta hudumu siku nyingi kwenye chuma kikavu cha kitanda. Hatari huja pale mwili uliodhoofika unapowekewa mpira wa mkojo, mrija wa kupumulia au dripu, kwa kuwa kila mrija ni njia ya kuwafikisha kwenye damu au mapafu. Ili kuwatambua, sampuli huchukuliwa njia ya haja kubwa kwa kijiti chenye pamba na kuoteshwa maabara. Majibu huchukua siku mbili hadi tatu, na kumfuata muuguzi asubuhi na jioni hakuharakishi bakteria kuota.

Akikutwa nao, mgonjwa hupewa kitanda cha pembeni na vifaa vyake mwenyewe, na ndugu huingia mmoja mmoja, wakiwa wamevua pete na saa, baada ya kusugua mikono kwa kitakasa mikono sekunde 20 hadi 30, au kunawa kwa maji na sabuni sekunde 40 hadi 60, na hurudia hivyo wanapotoka. Simu ibaki nje. Mtu hunawa vizuri kabisa, kisha huitoa simu mfukoni, akailaza juu ya shuka kando ya mpira wa mkojo, na kuondoka nayo ikiwa sikioni. Anayekataa utaratibu huzuiwa mlangoni, jina lake huandikwa kwenye daftari la zamu, na ndugu mwingine huombwa kushika nafasi yake.

Wapo wanaodai "dawa kali". Aliyebeba bakteria bila dalili za maambukizi kwa kawaida hapewi antibayotiki, maana dawa huua bakteria walio dhaifu na kuwaachia walio sugu nafasi. Meropenemu, antibayotiki kali, si dawa ya kutuliza wasiwasi wa familia. Ni kweli, na tunakiri, kwamba wagonjwa wengine huwapata bakteria hao wodini. Hata hivyo wengine huingia nao getini, baada ya miezi ya kununua antibayotiki ya amoksilini vidonge vinne vinne bila cheti cha daktari.

Kwa hiyo, mnapomleta mgonjwa, njooni na maganda ya dawa zote alizotumia miezi mitatu iliyopita. Muuguzi anataka jina la dawa. Hatawauliza mlinunua duka gani.