"Simba kapotea njia": tunayobishania kuhusu ngoma za Diamond, na ukweli wake

Kwa kinyozi wangu kuna spika moja tu, na ikipigwa "Komasava" ubishi huanza kabla mashine haijafika kisogoni. Mmoja atasema mwimbaji wake, Diamond Platnumz, kawasahau waliomlea. Mwingine atasema anafuata hela, na hela haina kabila. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye sauti kubwa kuliko spika, atataka Simba, ndivyo tunavyomwita Diamond, arudi "alikotoka" na albamu ijayo iwe Bongo Fleva halisi. Nimekaa kwenye kiti kile miaka ya kutosha kujua kuwa nusu ya tunayobishania hayajawahi kuwepo. Hoja watu wanayo, tena nzito, ila wameitundika msumari usio wake.

Dhana: "A Boy from Tandale" ndiyo albamu ya kwanza, FOA ndiyo ya pili

Zote mbili si kweli. Kabla ya hapo kulikuwa na "Kamwambie" ya mwaka 2010 na "Lala Salama" ya 2012. "A Boy from Tandale", iliyozinduliwa Nairobi Machi 2018, ni ya tatu. Na FOA, yaani "First of All", iliyotoka Machi 2022, ni EP, yaani rekodi fupi kuliko albamu. Ina nyimbo 10, kwa hiyo simlaumu anayeiita albamu. Enzi za kaseti, bendi ya dansi ikitoa nyimbo sita tulisema albamu imetoka na hakuna aliyehesabu.

Ubishi wa jina ungekuwa wa bure kama usingezaa kosa la pili. Wapo wanaosema albamu ile ya 2018 ilikuwa na mtiririko, kwamba msanii alijua anakwenda wapi, tofauti na siku hizi. Jamani. "Waka", "Marry You", "Hallelujah", "Eneka" na "Sikomi" zote zilikuwa zimeshachoka redioni kabla albamu haijatoka. Humo ndani kuna rege na Morgan Heritage, kuna Rick Ross, kuna Ne-Yo, halafu inakuja "Sikomi" ya mtu anayejuta peke yake usiku. Lilikuwa kapu la mavuno ya miaka kadhaa, na kapu zuri, lakini ukilisaka mtiririko utaukuta kwenye kumbukumbu zako mwenyewe: ulikuwa unasoma wapi, ulikuwa unampenda nani.

Dhana: Amehamia amapiano, kaiacha Bongo Fleva

Hili ndilo linalotoa mapovu, kwa hiyo tuliangalie kwa tarehe. Amapiano ni muziki wa kucheza wa Afrika Kusini. "Iyo", aliyoifanya na Waafrika Kusini Focalistic, Mapara A Jazz na Ntosh Gazi, ilitoka 2021. Watu wakasema basi, kaondoka. Mwaka uliofuata FOA ikaja, na katika nyimbo zake 10 wageni kutoka Afrika Kusini wamo kwenye moja tu, "Fresh". Humo humo kuna "Nawaza", wimbo ambao hata ukiubembeleza vipi haukubali kuchezwa. Ni wa kukaa chini na kutafakari. Kuna "Oka" na Mbosso. Kuna "Mtasubiri" na Zuchu, ambayo bahati mbaya wengi wanaikumbuka kwa video yake yenye kipande cha kanisani, iliyofanya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iagize isirushwe, kuliko kwa wimbo wenyewe.

Halafu tazama miaka miwili iliyofuata. 2023 alitoa "Shu!" na Chley, amapiano bila kificho. Mwaka huo huo alitoa "Yatapita", ya taratibu, ya wawili wanaovumiliana kwenye shida. 2024 ikaja "Komasava" iliyotikisa dunia. Mwaka huo huo ilikuwepo "Mapoz", akiwa na Jay Melody wa kizazi hiki na Mr Blue wa kizazi cha kaka zetu, na hata jina lenyewe linamkonyeza Mr Blue wa zamani na "Mapozi" yake. Kwa maneno mengine, anayedai ngoma ya nyumbani aliletewa, kila mwaka. Ila ngoma ya kuchezeka ndiyo inayopigwa kwenye harusi, kwenye bodaboda, kwenye matangazo ya mpira, hadi ile nyingine inazama. Hapo mlalamikaji na mlalamikiwa tunaweza kuwa mtu mmoja: Jumamosi tulicheza "Shu!" mara nne, Jumatatu tukauliza "Yatapita" zimekwenda wapi.

Nyongeza ndogo kwa wanaosema amapiano imetoka Nigeria: hapana. Ilizaliwa kwenye vitongoji vya Gauteng, Johannesburg na Pretoria, mwongo mmoja hivi uliopita. Wanaijeria nao waliikopa kama tulivyoikopa sisi.

Dhana: Kuna Bongo Fleva halisi, na yeye ndiye aliyeiharibu

Hapa ndipo ninapomwomba kinyozi azime mashine.

Muziki huu ulianza kama rap. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir alichukua biti ya "Ice Ice Baby" akaijaza Kiswahili, na vijana wa Dar wakagundua kuwa kumbe inawezekana. Likaja kundi la Kwanza Unit, akaja Mr II, tunayemwita Sugu, ambaye baadaye alikwenda bungeni kwa kura za Mbeya. Professor Jay alipotoa "Ndio Mzee", akiigiza mwanasiasa anayeahidi mbingu na ardhi, hiyo ndiyo ilikuwa Bongo Fleva: mistari, hoja, na vidole kuelekezwa kwa wakubwa. Jina lenyewe, Bongo, ni mji unaokutaka utumie ubongo ili ule.

Kisha wakaja waimbaji. Lady Jaydee na "Machozi", TID na "Zeze", baadaye Ali Kiba na "Cinderella" mwaka 2007. Je, walipokewa kwa maua? Wana-hip hop waliwaita wabana pua. Walisema mapenzi yameua muziki, walisema watoto wa kike ndio wananunua kaseti kwa hiyo kila mtu analia lia. Mr Nice alipokuja na mtindo wake wa Takeu, yaani Tanzania, Kenya na Uganda kwenye mdundo mmoja, alichekwa na wajuzi huku nchi zote tatu zikimchezea. Ukisikiliza malalamiko ya wakati ule na ya leo, umebadilika mshtakiwa tu. "Kamwambie", ambayo leo tunaitaja kama mfano wa muziki safi, ilitoka kwa mtayarishaji Bob Junior wa Sharobaro Records, na jina la sharobaro, yaani kijana wa kujiremba, halikuwa sifa vijiweni. Kijana wa kwanza kubana pua leo ni mzee wa mila.

Na mara moja ambapo Diamond alirudi nyumbani kwelikweli, hakurudi kwenye Bongo Fleva hata kidogo. 2016 alichukua wimbo wa Saida Karoli, mwimbaji wa Kihaya kutoka Kagera aliyetikisa nchi mwanzoni mwa miaka ya 2000, akautengenezea "Salome" pamoja na Rayvanny. Watoto ambao hawakuwa wamezaliwa Saida alipovuma wakawa wanauimba, na Saida mwenyewe akarudi midomoni mwa watu.

Dhana: Anawaiga Wanaijeria

"Number One" ya 2013 ilitengenezwa Dar na Sheddy Clever. Davido wa Nigeria alikuja baadaye, kwenye rimiksi. Kwamba rimiksi ile ilimfungulia milango ya Afrika Magharibi ni kweli, na kwamba baada ya hapo alijifunza kwao namna ya kuuza ngoma ni kweli pia. "Nana" aliyoimba na Mr Flavour mwaka 2015 haifichi. Lakini kukopa hakukuanza naye. Siti binti Saad alipanda meli hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, akiimba taarabu ambayo asili yake ina Cairo ndani. Dansi yetu ilijaa Wakongo: Remmy Ongala alikuja Dar mwaka 1978 kutoka ng'ambo ya ziwa, na leo ukimwita mgeni utapigwa. Kwa hiyo "Inama" na Fally Ipupa, na "Waah!" na Koffi Olomide, ni barabara ya zamani iliyotiwa lami mpya. Ajabu ni kwamba kwa Wakongo hatusemi kaiga. Tunasema kolabo.

Dhana: Kutoboa nje lazima uimbe Kiingereza

Wanaosema hivi wanamtaka albamu ijayo aijaze Kiingereza; wapinzani wao wanamlaumu kwamba tayari kafanya hivyo. Wote wangesikiliza tena. "Komasava" ni salamu: anamwamkia mrembo kwa lugha moja baada ya nyingine, na jina lake ni Kifaransa kilichovalishwa kanzu ya Kiswahili, silabi kwa silabi, kama vile baba zetu walivyofanya na "skuli" na "shule". Mmarekani Jason Derulo ndiye aliyekuja kwenye rimiksi yake. Kwa "Waka" na "Marry You" mambo yalikuwa kinyume, Diamond ndiye aliyekwenda kubisha hodi kwa Wamarekani, na Kiingereza kilikuwa kingi zaidi. Ipi kati ya hizo inaimbwa mpaka leo? "Tetema", ambayo watu humpa Diamond ingawa ni ya Rayvanny na yeye ni mgeni tu, ilimvutia Maluma wa Colombia, na Novemba 2021 Rayvanny alisimama naye Budapest kwenye tuzo za MTV Ulaya. Neno lililofika Budapest lilikuwa kitenzi cha Kiswahili.

Dhana: Watazamaji wengi YouTube, basi ndiyo ngoma kali kuliko zote

Chaneli yake ilivuka watazamaji bilioni 1 mwaka 2020. Hao si watu bilioni moja, ni mara bilioni moja. Mpwa wangu peke yake ana mchango wake humo. Wimbo wenye video ya kucheza hurudiwa na watoto kutwa nzima, "Nawaza" husikilizwa mara moja usiku kisha mtu analala. Kwa mizani hiyo "Nawaza" haitashinda kamwe, na haikuandikwa ili ishinde.

Sasa hoja yenyewe, ile ya kweli

Nikiwapa haki wanaolalamika, kuna kitu wanakisikia. Wanakosea kukiita amapiano. Kinachopungua ni kisa. Sikiliza "Mbagala" au "Utanipenda": kuna mtu, kuna hali yake, beti ya pili inakupeleka mahali ambapo ya kwanza haikufika. "Utanipenda" inauliza swali moja, nikifulia utabaki?, na inaliachia swali hilo nafasi ya kutosha kuuma.

Amapiano kwa asili yake ni muziki wa dijei. Huko kwao ngoma huenda dakika sita au saba, sauti ya mtu huingia ikiwa imechelewa, maneno machache yanazungushwa, na lile gogo la besi, ule mdundo mzito wa chini, ndilo linalosimulia. Ukiukata uwe wa dakika tatu ili uingie redioni, kitu lazima kitolewe. Gogo hawalitoi, maana ndilo linalouza. Kiitikio hawakitoi. Linalotolewa ni beti la pili, na mwimbaji wa Kiswahili bila beti la pili ni kama fundi aliyeachiwa nyundo bila msumeno. Huo ni uamuzi wa mpangilio, unafanywa studio, na unaweza kufanywa vingine. Mdundo wenyewe hauna kosa.

Ndiyo maana nikiulizwa aelekee wapi, simwambii aache amapiano, na wala simwambii arudi 2010. Wapo wanaotaka singeli, na hao nawasikiliza kwa makini zaidi. Singeli ni ya uswahilini hasa, ya Manzese na Mburahati na Tandale yenyewe, iliyokulia kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha. Inakwenda mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, karibu mara mbili ya amapiano. Anayesema ni kelele isiyosafiri hana habari: lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa "Sounds of Sisso" mwaka 2017, na wana-singeli wakaanza kupanda majukwaa ya Ulaya. Zuchu aliigusa kwenye "Nyumba Ndogo", Harmonize kwenye "Hujanikomoa". Na kwa kasi yote ile, singeli ina maneno mengi kupita kiasi. Ina visa, ina vijembe, ina majina ya mitaa. Beti la pili lipo, na la tatu, na la nne.

Kinyozi wangu anasema haiwezekani, Simba kashakuwa mkubwa mno kwa ngoma za vigodoro. Tumewekeana soda. Chupa ya kioo, baridi, ya yule atakayekosea.