Saikosisi kwa vijana weusi Uingereza: msiisingizie damu

"Ni damu yetu hiyo, sista." Wazazi Waswahili hapa London huniambia hivyo wakimaanisha ugonjwa ni wa kurithi, mtoto anapolazwa kwa mara ya kwanza kwa saikosisi, yaani kusikia, kuona au kuamini yasiyokuwepo, akiapa kwamba majirani wanamrekodi ukutani. Kauli hii inanikera kuliko zote, maana inawakatisha tamaa kabla dawa haijaanza kufanya kazi.

Tofauti kati ya weusi na weupe ipo, tena kubwa. Utafiti wa AESOP wa London, Nottingham na Bristol, mwishoni mwa miaka ya 1990, ulikuta skizofrenia, aina kali ya saikosisi, kwa watu wenye asili ya Karibiani ikizidi ya Waingereza weupe mara 9, na kwa Waafrika karibu mara 6. Lakini ingekuwa damu, Kingston na Bridgetown, miji ya huko Karibiani, kungejaa wagonjwa. Watafiti walihesabu Jamaika, Trinidad na Barbados miaka ya 1990, wakakuta viwango vinavyokaribiana na vya Waingereza weupe. Ukoo ni ule ule, maisha ndiyo tofauti.

Tazameni maisha hayo. AESOP iliona kwamba kutengana na mzazi mwaka mzima au zaidi kabla ya miaka 16 kunaendana na hatari mara 2 hadi 3, na familia za Karibiani zilikuwa zimetengana zaidi. Sisi je? Wangapi wamelelewa na bibi Tanga, wakaletwa huku wakiwa na miaka 13 kwa mama wasiyemjua vizuri? Simlaumu mama, alikuwa anatafuta riziki. Ongezeni ukosefu wa kazi, ubaguzi na upweke: kusini mwa London, hatari kwa watu wasio weupe ilikuwa kubwa zaidi kwenye mitaa ambako watu wa asili zao ni haba.

Wengine husema: "Ni bangi tu." Bangi kali ya kila siku ni hatari, aache leo. Ila haitoshi kueleza tofauti yote hiyo.

"Wazungu wanawabandikia ugonjwa tu." Makosa ya utambuzi yapo, lakini katika AESOP madaktari waliamua ugonjwa ni upi bila kuambiwa asili ya mgonjwa, na tofauti ikabaki.

"Ni jini." Kisomo someni, sikatazi. Dawa msimwachishe.

Linaloniuma ni kwamba weusi hufikishwa wodini na polisi, na kulazwa kwa lazima, mara nyingi kuliko weupe. Kwa hiyo akianza kukesha, kujifungia na kuongea na asiyeonekana, nendeni naye kwa GP, daktari wenu wa mtaa, mapema, mkiwa mmeandika tarehe na mliyoyaona. Ombeni rufaa ya timu ya saikosisi ya mwanzo, inayotibu wanaougua kwa mara ya kwanza. Tangu 2016, lengo England ni matibabu kuanza ndani ya wiki 2 baada ya rufaa, kwa hiyo zikipita kimya, pigeni simu.