Bili ya ajali New York: soma tarehe kabla ya kusoma ripoti ya daktari

Kliniki nyingi za New York zinazotibu majeruhi wa magari hukosa fedha zao kwa namna ileile. Tiba ilikuwa sahihi na faili limejaa ripoti, lakini hakuna anayeweza kuonyesha bili ilitumwa siku gani. Katika usuluhishi wa bima ya no-fault, yaani bima isiyojali nani ana kosa, tarehe ndizo zinazoangaliwa kwanza.

Sheria yenyewe ni ya 1973 na ilianza kazi 1 Februari 1974. Bima ya gari humlipia majeruhi matibabu na sehemu ya kipato alichopoteza, hadi dola 50,000 kwa kiwango cha msingi, bila kujali nani alisababisha ajali. Majeruhi akisaini hati ya kumkabidhi daktari haki ya kudai, ugomvi wa bili unabaki kati ya kliniki na kampuni ya bima.

Kliniki ina siku 45 tangu siku ya tiba kuwasilisha bili yake, kwa kawaida kwa fomu NF-3. Kampuni nayo ina siku 30 tangu ipokee bili kulipa au kukataa kwa fomu NF-10. Saa ya kampuni husimama tu ikiomba uhakiki zaidi, yaani nyaraka au maelezo ya ziada kuhusu dai, kwa wakati: ndani ya siku 15 za kazi. Isipojibiwa kwa siku 30, inatakiwa kukumbusha ndani ya siku 10 zinazofuata. Siku 120 zikipita tangu ombi la kwanza bila jibu kamili, inaruhusiwa kukataa dai.

Hapo kwenye uhakiki ndipo kliniki huumia zaidi. Kampuni inaomba vitu sita, kliniki inatuma vinne na kunyamaza kuhusu viwili ambavyo haina. Ukimya huo unahesabika kama kutojibu. Andika barua, kitaje kila kitu kilichoombwa, na kwa kile usichonacho eleza kwa nini huna.

Ukipokea NF-10, usikimbilie sababu ya kukataliwa. Tafuta visanduku vya tarehe: siku bili ilipopokelewa, siku uhakiki wa mwisho ulipoombwa na ulipopokelewa, kisha siku fomu yenyewe ilipotolewa. Kampuni ikijaza kwamba ilipokea bili 3 Machi na ikakataa 20 Aprili bila kuomba uhakiki wowote, imekiri kupokea na imekiri kuchelewa. Kwa uamuzi wa mahakama ya juu kabisa ya jimbo wa 1997, kesi ya Presbyterian Hospital dhidi ya Maryland Casualty, kuchelewa huko huifungia kampuni sehemu kubwa ya utetezi wake, hata hoja kwamba tiba haikuhitajika. Hoja kwamba bima haikuwepo kabisa inabaki, na kwa tiba za kuanzia 1 Aprili 2013 inabaki pia hoja kwamba bei imezidi jedwali la ada.

Kampuni ikikataa kwa wakati, mara nyingi huleta ripoti ya daktari wake aliyesoma faili tu bila kumwona mgonjwa. Ripoti nzuri hutaja utaratibu wa tiba unaokubalika na kuonyesha daktari wako alikiuka wapi. Mjibu hoja kwa hoja, kwa maandishi ya daktari aliyetibu. Barua ya ukurasa mmoja isemayo tu kwamba mgonjwa alikuwa na maumivu haitoshi.

Maombi ya usuluhishi huwasilishwa kwa fomu AR-1 na ada ya dola 40 kwa American Arbitration Association, shirika linaloendesha usuluhishi huu. Kwanza kuna hatua ya upatanishi, na wengi humalizana hapo. Ambatanisha kila kitu tangu siku ya kwanza: bili, hati ya kukabidhi haki, ripoti, uthibitisho wa posta wenye muhuri. Msuluhishi ana mamlaka ya kukataa nyaraka zilizochelewa, na wengi huyatumia.

Kuhusu fedha: riba ni asilimia 2 kwa mwezi, isiyojirudia juu ya riba. Bili ya dola 1,200 iliyochelewa miezi 10 inazaa dola 240. Wakili hupata asilimia 20 ya jumla ya bili na riba, dola 288, zinazolipwa na kampuni. Kikomo cha ada hiyo ya wakili ni dola 1,360. Lakini usipofungua shauri ndani ya siku 30 tangu upokee NF-10, riba inasimama hadi utakapofungua. Kliniki zinazokusanya mafaili kwa mwaka mzima ili ziyapeleke kwa pamoja zinajinyima fedha hizo zenyewe.

Ukishindwa, una siku 21 tangu uamuzi utumwe kukata rufaa kwa msuluhishi mkuu. Yeye hapimi ushahidi upya; anaangalia kama uamuzi una msingi na kama sheria imefuatwa. Msuluhishi mkuu akitoa tuzo ya dola 5,000 au zaidi, bila kuhesabu riba na ada ya wakili, upande wowote unaweza kwenda mahakamani kuanza shauri upya.