Mofini, daftari na siku za karantini: maswali mnayoniuliza

Swali: Ni dawa gani hufuatiliwa, na vipi?

Ni dawa kali za maumivu zinazoweza kuleta uraibu, kama mofini na pethidini. Hapa Uganda msimamizi ni Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA. Kituoni tunaandika daftarini jina la mgonjwa, kiasi alichopewa na kilichobaki. Hesabu ya daftari na chupa za kabatini lazima zilingane.

Swali: Korona iliharibu nini?

Machi 2020 matatu zilisimamishwa, boda boda wakakatazwa kubeba abiria. Namkumbuka kijana aliyetembea tangu alfajiri, chupa tupu ya mofini ya mama yake ameifunga kwenye leso pamoja na kadi. Mama ana saratani ya mlango wa kizazi, amekesha akilia. Tukampa, tukaandika. Lakini wangapi hawakuweza kutembea? Daftari halimwoni asiyekuja. Kurasani mwake aliyefariki na aliyekosa usafiri wanafanana, na hilo linaniuma hadi leo. Mubende na Kassanda zilipofungwa kwa Ebola mwaka 2022, niliwaza tena wagonjwa wa namna hiyo.

Swali: Kompyuta si ingemaliza tatizo?

Ingesaidia. Marekani majimbo yana hifadhidata ambamo daktari huona mgonjwa amepewa nini na wapi, na Machi 2020 madaktari waliruhusiwa kumwandikia mgonjwa dawa hizi baada ya kuonana naye kwa video. Hata hivyo, katika miezi 12 iliyoishia Aprili 2021, watu zaidi ya 100,000 walikufa huko kwa kuzidisha dawa za kulevya, wengi kwa fentanili, dawa ya maumivu yenye nguvu kuliko mofini, ya magendo. Dawa ya magendo haiingii kwenye hifadhidata yoyote.

Swali: Mama yangu atakuwa mraibu?

Akinywa kama alivyoelekezwa kwa maumivu ya saratani, hofu hiyo isimnyime dawa. Tangu 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani kutuliza maumivu ya wenye magonjwa mazito, wanaruhusiwa kumwandikia mgonjwa mofini hapa Uganda, ili dawa imfikie mgonjwa hata pasipo daktari.

Swali: Karantini nyingine ikija?

Usingoje chupa ikauke; mpigie muuguzi ikiwa bado na dawa ya wiki moja, mtaje na atakayekuja kuichukua. Usikatishe ghafla, wala usimwonjeshe jirani mwenye maumivu ya mgongo: kipimo cha mama kinaweza kumzimisha pumzi. Mgonjwa akifariki, rudisha chupa kituoni hata ikiwa na matone tu. Tutaipokea na kuiandika.